Orodha ya barua pepe kwa lugha ya kubuni: programu ni kazi ndogo, kazi ni watu

Mkuu mleta mada, nimekuelewa. Mmetunga lugha yenu chuoni, mmefika watu kama thelathini, kundi la WhatsApp limegeuka fujo na sasa mnataka kuhamia orodha ya barua pepe, yaani anwani moja ambayo ukiiandikia barua inawafikia wote. Umeuliza programu gani inafaa, na kama barua pepe si mambo ya wazee. Mimi ni mmoja wa wanaosimamia orodha ya wanafunzi wa Kiesperanto, nayo lugha ya kubuni, wa huku kwetu: Watanzania, Wakenya, Warundi na Wakongo kadhaa. Tulipata wageni wengi baada ya Kongamano la Dunia la Kiesperanto kufanyika Arusha Agosti 2024, la kwanza kufanyika Afrika. Naona wadau waliotangulia wamebishana sana kuhusu programu. Nitafika huko, lakini hapo sipo mtakapoumia.

Jamii yoyote ya lugha ya kubuni ina watu wa aina mbili. Wapo wanaotaka kuitumia na wapo wanaotaka kuirekebisha. Ukiwachanganya bila utaratibu, hao wa pili watawafukuza wa kwanza, tena bila kukusudia. Mtu akiandika kwa lugha yenu kwamba leo kapika dagaa, anajibiwa na mmoja, au hajibiwi kabisa. Mwingine akiuliza kwa nini kiambishi fulani kisifutwe, majibu yanamiminika wiki nzima, na yote yanaandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, siyo kwa lugha yenyewe. Anayejifunza akiona hivyo anajiambia lugha bado haijaiva, ngoja wakubwa wakubaliane kwanza. Anangoja, halafu anasahau.

Msidhani ni tatizo lenu peke yenu. CONLANG, orodha kongwe ya watunzi wa lugha, ilianza 1991. Kufikia 1996 waliokuwa wakipigia debe lugha hii au ile iwe lugha ya pili ya dunia nzima walikuwa wamewachosha waliopenda kutunga tu, ikabidi iundwe orodha ya pembeni, AUXLANG, mabishano hayo yahamie huko. Wenyewe CONLANG wakajiwekea desturi ya kutoleta dini wala siasa. Watu wa Lojban, lugha nyingine ya kubuni, nao walifika mahali wakawa na orodha ya wanaoanza, orodha ya jumla, na nyingine iliyoitwa jboske kwa wale wanaoweza kukesha wakichambua maana ya kijineno kimoja cha sarufi. Wengine wanauona huo kuwa mgawanyiko wa aibu. Mimi nauona ni busara, kwa sababu wachambuzi walipata uwanja wao na mgeni akabaki na pa kuanzia.

Na kabla ya intaneti? Volapük, lugha ya kubuni ya padri Mjerumani Johann Martin Schleyer, iliyotoka 1879 na 1880, ilikuwa na vilabu na magazeti sehemu nyingi za Ulaya. Akademia yake, chini ya Auguste Kerckhoffs, ikataka kuirahisisha. Schleyer akasema lugha ni yake na neno la mwisho ni lake. Baada ya mkutano wa Paris wa 1889 haikuinuka tena. Zamenhof, aliyetoa Kiesperanto 1887, alikwenda njia nyingine: 1905, kwenye kongamano la Boulogne-sur-Mer, kitabu cha msingi, Fundamento, kilikubaliwa kuwa hakiguswi, na yeye mwenyewe akajivua umiliki wa lugha. Miaka miwili baadaye waliotaka marekebisho wakatoka na Ido. Iliuma, lakini waliobaki walijua wamebaki na nini.

Kwa hiyo swali la kwanza kwenu: nani ana neno la mwisho? Mtunzi? Kamati? Kura? Jibu lolote linafaa mradi liandikwe kwenye barua ya kumkaribisha mgeni. Watu wa Lojban walipochapisha sarufi yao kamili 1997 walitangaza lugha haitabadilishwa kwa miaka isiyopungua mitano, ili watu waitumie kwanza. Lugha yenu ni changa, miaka mitano itawabana. Lakini mnaweza kusema mapendekezo yanapokelewa wakati wowote na yanaamuliwa likizo ya chuo tu. Sisi tunaoendesha Kiesperanto tuna nafuu, hatuna la kuamua, na bado kila mwanafunzi mwerevu akishafika katikati ya kozi anakuja na pendekezo la kufuta mwisho wa -n, ambao nitaueleza hapo chini. Tunampokea vizuri. Tunamwomba tu aandike REFORMO (marekebisho) mwanzoni mwa kichwa cha barua, ili asiyetaka kusoma aweke kichujio zisimfikie. Cha ajabu, baada ya kuweka alama hiyo barua za namna hiyo zilipungua. Nadhani wengi walitaka hadhira, na walipoona hadhira ina mlango wa kutokea, hamu ikaisha.

La pili ni kusahihishana, na hapa niwe mkali kidogo. Hakuna kinachoua orodha ya wanafunzi haraka kama wasahihishaji wa kujitolea. Kwenye Kiesperanto kitendwa huchukua -n: “Mi havas libron”, yaani nina kitabu. Kiswahili hakina mwisho wa namna hiyo, kwa hiyo sisi tunausahau mno. (Upatanisho wa wingi kwenye vivumishi, unaowatesa Waingereza, sisi hata hautusumbui.) Sasa mgeni wa Kigoma anajikaza, anaandika barua yake ya kwanza, “Mi havas libro”, na anapokea barua sita kuhusu -n. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza ni kitabu gani. Unafikiri ataandika ya pili?

Dawa tuliichukua kwa Waklingon, yaani wapenzi wa Kiklingon, lugha iliyotungwa kwa filamu za Star Trek. Orodha yao ya tlhIngan-Hol, chini ya Klingon Language Institute iliyoanzishwa 1992, ilikuwa na utaratibu mzuri sana: anayeanza anaandika KLBC kwenye kichwa cha barua, na hapo yupo mtu mmoja aliyeteuliwa rasmi kuwasaidia wanaoanza. Yeye ndiye anajibu kwanza. Wajuzi wengine, hata kama wanawashwa vidole, wanasubiri. Kwetu tunapokezana: kila mwezi watu wawili ndio wasahihishaji, na wanamwandikia mhusika faragha. Wengine wote wanaruhusiwa kujibu alichosema, siyo alivyokisema. Kwa lugha yenu, ambayo huenda wajuzi wa kweli ni wanne au watano, mmoja kwa mwezi anatosha. Msimpe zamu mtunzi mwenyewe. Akisahihisha yeye, kila kosa linageuka hukumu, na wakati mwingine anabadilisha kanuni papo hapo bila kujua.

Sasa kumbukumbu. Hii ndiyo sababu pekee kubwa ya kuacha WhatsApp, kwa maoni yangu. Lugha ya kubuni haina bibi kijijini wa kumuuliza. Maana ya neno lenu ni vile mlivyolitumia, na ushahidi wa matumizi uko kwenye barua za zamani. Yahoo Groups, huduma ya orodha za barua pepe, ilikuwa nyumba ya vikundi vingi vya lugha hizi. Oktoba 2019 kampuni ikatangaza inafuta yaliyomo, na Desemba 2020 huduma ikafungwa kabisa. Waliokuwa na nakala walihama nayo. Wasio na nakala walipoteza miaka ya mazungumzo, na kwa lugha ndogo hiyo ni sawa na kupoteza kamusi. Hivyo kabla ya kuchagua programu yoyote, angalia jambo moja: je, unaweza kupakua barua zote kama faili na kuihifadhi kwako? Kama jibu halieleweki, achana nayo. Na nakala zikae kwa watu wawili wasioishi nyumba moja.

Kumbukumbu pia inadai mkubaliane tahajia. Kiesperanto kina herufi sita zenye alama juu: ĉ, ĝ, ĥ, ĵ, ŝ na ŭ. Barua pepe za zamani hazikuzipitisha vizuri, watu wakazoea kuandika cx, gx na kadhalika, na wengine ch, gh kama alivyoruhusu Zamenhof. Matokeo yake neno moja liko kwenye kumbukumbu kwa sura tatu, na ukitafuta moja hupati nyingine. Kama lugha yenu ina herufi za ajabu, na watunzi wengi huzipenda, amueni leo namna moja ya kuziandika kwa simu ya kawaida.

Mitambo, kwa kifupi. Kwa watu thelathini msijisumbue kuendesha seva yenu ya Mailman, programu ya kuendesha orodha. Inawezekana, ni bure, lakini mtageuka mafundi wa barua pepe badala ya wazungumzaji. Tumieni huduma iliyopo, Google Groups au Groups.io, mkikumbuka sharti la nakala nililosema. Lakini muelewe tatizo moja litakalowapata popote. Aprili 2014 Yahoo iliziambia seva za dunia zikatae barua yoyote inayojidai imetoka yahoo.com ilhali haikutumwa na Yahoo yenyewe. Nia ilikuwa kuzuia matapeli. Lakini orodha ya barua pepe hufanya hivyo hivyo: inapokea barua yako na kuisambaza kwa jina lako. Mwenye Yahoo akiandika, barua inakataliwa kwa wenye Gmail, inarudi, na programu ikiona inarudi mara nyingi inawaondoa hao wa Gmail wasio na hatia. Huku kwetu walimu na watu wa rika la wazazi wetu wengi bado wana anwani za Yahoo, kwa hiyo hili si la vitabuni. Tafuta kwenye mipangilio sehemu ya kubadilisha anwani ya mtumaji iwe ya orodha, uiwashe. Masharti makali ya Google na Yahoo ya Februari 2024 kwa wanaotuma barua nyingi yasiwatishe, kwa Google yanaanzia barua 5,000 kwa siku. Nyinyi mkifika huko mtakuwa mmekishinda Kiesperanto.

Mengine madogo madogo: barua ya kwanza ya kila mgeni ipite kwa msimamizi, maana matapeli wa mikopo hawachoki. Majibu yaende kwa wote au kwa aliyeandika tu? Kwa kikundi kidogo, yaende kwa wote, vinginevyo mazungumzo yanakufa chini kwa chini. Gharama yake ni aibu za hapa na pale. Sisi tuna mwenzetu aliyetutumia wote barua ya kumdai shemeji yake, na hadi leo anaulizwa kama alilipwa. Wenye bando dogo wafundishwe kuchagua muhtasari wa siku, barua moja yenye zote. Na picha nzito zipigwe marufuku tangu mwanzo.

Kuhusu uzee wa barua pepe: ndiyo, vijana watalalamika. Msifunge WhatsApp. Iacheni kwa salamu, sauti na matani, kwa sababu matamshi hayafundishwi kwa barua. Ila wekeni kanuni kwamba neno jipya au uamuzi wowote wa sarufi hauhesabiki mpaka uandikwe kwenye orodha. Hiyo peke yake itawaleta hata wavivu, kwa sababu hakuna anayependa neno lake lisiingie kwenye kamusi.

Na kipindi cha ukimya kitakuja, mara nyingi wakati wa mitihani. Msikijaze kwa matangazo ya “jamani tuamke”. Kwenye CONLANG tangu 1999 wana mchezo wa kupokezana: mmoja anatafsiri matini kwa lugha yake, anampa wa pili, naye anampa wa tatu, na mwisho wanalinganisha ilivyopotoka. Nyinyi wenye lugha moja anzeni hadithi, kila mtu aongeze sentensi mbili, bila kuruhusiwa kuuliza neno kwa Kiswahili.

Barua yetu ya kukaribisha wageni ni fupi, inaenea kwenye skrini moja ya simu. Nikipata kibali cha wenzangu nitaibandika hapa muichukue na kubadilisha mtakavyo.