Kumlea mdogo wake nako ni shughuli

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza nani hasa anayewabebesha vijana wa sekondari hapa Marekani mzigo wa kupigania vyuo vigumu kuingia, mkatupa majibu matatu tuchague: shule, wazazi, au vijana wenyewe. Mimi naongeza la nne. Ni fomu ya kuombea chuo.

Najua inasikika kama utani. Fomu haina mdomo, haimgombezi mtoto, haimwamshi alfajiri. Lakini kuanzia Septemba hadi Desemba 2024 nilikaa na binti yangu mbele ya fomu hiyo, mezani jikoni kwetu Columbus, Ohio, na nikagundua kwamba ilikuwa imeshaanza kumbadilisha miaka miwili kabla hajaifungua.

Kwa asiyeifahamu: vyuo zaidi ya 1,000 vinapokea maombi kupitia Common App, fomu moja ya mtandaoni. Mwombaji anaruhusiwa kupeleka maombi vyuo 20. Kuna insha isiyozidi maneno 650. Halafu kuna sehemu ya shughuli za nje ya darasa: nafasi 10, na kila shughuli unaieleza kwa herufi 150, hata nafasi tupu zikihesabiwa. Herufi, si maneno. Meseji ya simu ya zamani ilikuwa na herufi 160, kwa hiyo hata ile ilikuwa na ukarimu zaidi.

Hizo nafasi 10 ndizo ninazozisema. Sisi tuliokulia kwenye mitihani ya taifa tulikuwa na hofu ya aina moja, nayo ni karatasi. Ilitutesa, sikatai, na wapo wenzangu wenye akili nyingi ambao asubuhi moja ya malaria iliwaharibia njia yote. Ila ukishatoka chumba cha mtihani, Jumamosi ilikuwa yako. Hakuna aliyekuuliza likizo uliitumiaje, wala nani umemwongoza, wala kitu gani umekianzisha. Mtihani ulitaka ulichonacho kichwani, basi.

Binti yangu hakuwa na Jumamosi ya namna hiyo. Tangu darasa la tisa alikuwa anapenda kuogelea, si kwa mashindano, anapenda tu maji. Alipofika la kumi na moja akaacha. Nilipomuuliza sababu, akasema, "Mama, haiendi popote." Mtoto wa miaka kumi na sita anaongea juu ya kuogelea kama mtu aliyewekeza kwenye kiwanja kibaya. Baadaye nikazoea kusikia swali lake kabla hajajiunga na kitu chochote: hii itaonekanaje? Kusoma hakukumchosha mtoto huyu. Alichukua masomo ya AP, yale yanayofundishwa kwa kiwango cha chuo na kupimwa Mei kwa alama 1 hadi 5, na alikuwa akicheka na vitabu vyake. Kilichomchosha ni kwamba kila alichogusa kiligeuka ushahidi.

Mshauri wa wanafunzi shuleni kwao alimwambia orodha yake ya shughuli haina uongozi. Alimwona mara mbili, moja kati ya hizo kwa robo saa, na simlaumu sana: chama chao cha kitaifa kinapendekeza mshauri mmoja kwa wanafunzi 250, na shule nyingi zimepita hapo. Basi binti yangu akaanzisha klabu ya mazingira. Ilikutana mara nne. Mara mbili kati ya hizo walipiga picha.

Sasa njoni mezani. Ni Jumapili mwishoni mwa Oktoba, siku yangu ya mapumziko. Yeye ana kompyuta, mimi nina chai. Ananisomea orodha ili nimsaidie kupunguza herufi. Kwaya. Roboti. Klabu ya mazingira, "mwanzilishi na rais". Benki ya chakula, wiki mbili za kiangazi. Anafuta "pamoja na", anaweka "&". Anafuta nukta. Nimesikiliza mpaka ya nane, nikamuuliza, mdogo wako yuko wapi?

Nieleze hapo. Mimi nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, zamu ya usiku, naingia saa moja jioni natoka saa moja asubuhi. Baba yao anaendesha lori, wiki nzima yuko barabarani. Kwa miaka miwili, dada mtu ndiye aliyempokea mdogo wake wa miaka saba kwenye basi la shule, akampikia, akamsimamia kazi za nyumbani, akamwogesha, akamlaza. Akishalala, ndipo dada alipofungua madaftari yake.

Akanitazama kama niliyeuliza kitu cha ajabu. "Mama, hiyo si shughuli. Hiyo ni nyumbani tu."

Mhariri, nimewahi kutukanwa na mgonjwa aliyesahau jina lake mwenyewe na haikuniuma hivyo. Mikutano minne ya klabu ni shughuli. Miaka miwili ya kumlea mtu si kitu.

Aliyetuokoa ni mwenzangu wa kazini ambaye kijana wake alipitia mwaka uliotangulia. Akaniambia, fungueni ile orodha ya aina za shughuli, mteremke. Tukateremka. Ipo: majukumu ya familia. Fomu yenyewe inaitambua! Kazi ya kulipwa nayo imo. Wazazi wenzangu, hasa wenye watoto wanaotutafsiria hospitalini na kwenye maofisi, someni hapa mara mbili, maana watoto wetu hawaiandiki kwa kuwa hakuna aliyewaambia kuwa inahesabika. Na familia yenye kipato kidogo huombewa msamaha wa ada ya maombi humo humo, msilipe ada ya kila chuo bila kuuliza.

Wenye uwezo hawahitaji kuambiwa. Wao wanamlipa mshauri binafsi ambaye anaanza kuipanga orodha mtoto akiwa darasa la nane. Na waliozidi kipimo wakanunua orodha yenyewe: Machi 2019 waendesha mashtaka wa serikali kuu walitangaza kesi dhidi ya watu 50, wakiwemo wazazi waliolipa ili watoto wao waingizwe vyuoni kama wanamichezo wa michezo wasiyoicheza. Kulikuwa na picha za watoto kwenye mashine ya mazoezi ya kupiga makasia, na kumbe si wapiga makasia. Watu walishangaa. Mimi nilipoikumbuka kesi ile nikiwa mbele ya fomu, niliona mantiki yake: ukiweka bei kwenye maisha ya mtoto, atatokea mnunuzi.

Hili halikuanzia jikoni kwangu. Wachumi Raj Chetty, David Deming na John Friedman walitoa utafiti mwaka 2023 kuhusu vyuo 12 vya juu, vile vinane vya Ivy League (kundi la vyuo binafsi vyenye jina kubwa, kama Harvard na Yale) pamoja na Stanford, MIT, Duke na Chicago. Walikuta kwamba mtoto wa familia iliyo katika asilimia 1 ya juu kwa kipato ana uwezekano zaidi ya mara mbili wa kusoma huko kuliko mtoto wa familia ya kati mwenye alama zilezile za SAT au ACT, mitihani ya kuombea chuo. Walitaja mambo matatu yanayowabeba katika udahili: upendeleo kwa watoto wa waliosoma hapo, usajili wa wanamichezo, na uzito wa sifa zisizo za darasani. Hilo la tatu ndilo fomu yangu. Tena wakaona kwamba mambo hayo matatu hayatabiri nani atafanikiwa baada ya chuo, ilhali alama zinatabiri.

Ndiyo maana, na hapa najua nitagombana na wasomaji wengi, nilifurahi vyuo viliporudisha sharti la mitihani hiyo lililoachwa wakati wa korona. MIT ilirudisha 2022, Dartmouth, Brown na Harvard zikafuata 2024. Mtihani una mwisho. Unafunga kalamu unakwenda kulala. Tuisheni inauzwa, naam, lakini kitabu cha maktaba ni bure, na hakuna maktaba inayoazimisha upiga makasia.

Nisijitoe kwenye lawama. Kwenye kundi letu la WhatsApp la kinamama, kila Aprili zinaingia picha za watoto wamevaa sweta zenye jina la chuo, na hakuna anayepiga picha sweta la chuo cha kata. Mimi mwenyewe nilimwambia dada yangu aliyeko nyumbani, "Anaomba Yale," kabla mtoto hajajaza hata jina lake. Nilitaka nisikie atakavyosema "Eeeh!" Nilisikia. Nilikuwa nimeshamtumia binti yangu kama herufi zangu 150.

Hesabu ziko wazi kwa anayetaka kuzisoma. Kwa kundi lililoingia Harvard 2024, waombaji walikuwa 54,008 na waliokubaliwa 1,937. Ukiondoa wanamichezo waliosajiliwa na watoto wa waliosoma hapo, nafasi inazidi kubana. Wakati huo huo, vyuo vingi vya nchi hii vinakubali zaidi ya nusu ya wanaoomba. Kelele zote mnazoulizia zinatoka kwenye majengo machache sana.

Usiku tulipoiona ile aina ya majukumu ya familia, binti yangu alimweka mdogo wake nafasi ya kwanza, klabu ya mazingira akaifuta kabisa. Nitafsiri alichoandika: "Namchukua mdogo wangu (7) kwenye basi la shule, nampikia, namsomesha, namlaza. Mama yuko zamu ya usiku, baba yuko safarini na lori." Chini yake fomu inauliza saa ngapi kwa wiki na wiki ngapi kwa mwaka. Akaandika 25, akasita kwenye wiki.

"Nikiweka 52, watafikiri naongopa?"

Nikamwambia aweke 52.

Majibu ya vyuo viwili vigumu alivyoomba yalitoka jioni moja mwishoni mwa Machi. Vyote vilikataa. Alilia chumbani kama saa nzima, mimi nikachelewa kazini kwa mara ya kwanza mwaka ule. Chuo kikuu cha jimbo kilikuwa kimeshamkubali tangu zamani, na hatukuwa tumempiga picha. Mdogo wake akasimama mlangoni akauliza kama basi dada hatakwenda tena popote.

"Nakwenda," akamwambia. "Dakika ishirini kwa basi. Ushakula?"