Nitafute Google au kwenye Kanzidata ya Kulipia?

SWALI: Naandaa tasnifu ya uzamili hapa Dodoma kuhusu sumukuvu (aflatoxin, sumu itokanayo na ukungu) kwenye mahindi na karanga. Google nimepata vitu vingi, lakini msimamizi amenirudishia kazi akitaka nitumie kanzidata za kitaaluma, yaani hazina za mtandaoni za makala za utafiti. Nikifungua makala kwa simu nikiwa geto, nadaiwa zaidi ya dola 30 kwa makala moja. Tofauti ni ipi hasa, na hela hiyo nitaitoa wapi?

JIBU: Usitoe hata shilingi kwa sasa. Huenda maktaba ya chuo chako imeshailipia makala hiyo, ila kanzidata nyingi humtambua msomaji kwa mtandao anaotumia. Kwenye Wi-Fi ya chuo unapita bila kuulizwa nywila. Kwa bando lako huonekani kuwa mwanachuo, ndipo unaletewa bei. Ingia kupitia ukurasa wa maktaba, au mwombe mkutubi utaratibu wa kuingia ukiwa nje. Mwulize pia kuhusu Research4Life, mpango wa kuzipa nchi zenye kipato kidogo majarida ya utafiti, ambako taasisi za Tanzania zinaruhusiwa kuingia bure. Wewe utahitaji sehemu zake mbili: AGORA ya kilimo na Hinari ya afya. Anayesajiliwa ni taasisi, si mtu binafsi, kwa hiyo bila mkutubi hufiki.

Kuhusu tofauti, bei si jambo kubwa. PubMed ya Marekani, ya makala za tiba na afya, ni kanzidata kamili, na ni bure. Jambo kubwa ni kwamba Google hupanga matokeo kwa vigezo vyake, na mwenzako akiandika maneno yaleyale anaweza kupata orodha nyingine. Ukitaka habari za mlipuko wa sumukuvu wa mwaka 2016 katika Dodoma na Manyara, Google inafaa sana. Kanzidata huchagua majarida ya kuingiza, na utafutaji wake unaweza kuuandika kwenye sura ya mbinu: ulitafuta wapi, tarehe gani, kwa maneno yapi, ukapata makala ngapi. Bila shaka hicho ndicho msimamizi wako anachokidai, na ana haki.

Wengi hukwama kwenye maneno. Ukiandika “sumukuvu” utaambulia patupu, maana makala karibu zote ni za Kiingereza. Halafu Mwingereza huandika maize na groundnut, Mmarekani corn na peanut. Ukitaja moja, nyingine inakupita. Anza hivi:

aflatoxin* AND (maize OR corn OR groundnut* OR peanut*) AND Tanzania

AND inadai maneno yote yawepo, OR inakubali lolote kati yake. Nyota inakubali mwisho wowote wa neno. Mabano yanafunga visawe pamoja. Ukiyasahau, kanzidata nyingi zitakumwagia kila makala ya corn duniani, yenye sumu na isiyo na sumu. Usiongeze “Dodoma” mapema. Kanzidata nyingi hupekua kichwa, ikisiri (muhtasari wa makala) na maneno muhimu tu, na jina la mkoa au wilaya mara nyingi limo ndani kwenye maelezo ya eneo la utafiti. Hapo Google Scholar, Google ya makala za kitaaluma, inazishinda, kwa kuwa hupekua makala nzima: andika aflatoxin pamoja na “Chemba” au “Kondoa” uone. Lakini haionyeshi zaidi ya matokeo 1,000, na makala iliyopitiwa na wataalamu hukaa jirani na ya jarida la kitapeli. Kila jarida usilolijua, lichunguze kwanza.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari Kondoa, sina chuo. Nifanyeje?

JIBU: Mwalimu, kwenye Google Scholar bofya kiungo cha matoleo yote chini ya makala, mara nyingi mojawapo ni PDF ya bure iliyowekwa na chuo cha mwandishi. Kwenye kompyuta, weka katika kivinjari Unpaywall, kiongezi cha kutafuta nakala za bure. Ikipata nakala halali ya bure itakuonyesha alama ya kufuli lililofunguliwa. Kwa majarida ya Afrika, pita African Journals Online. JSTOR nayo, kanzidata ya kulipia, ukifungua akaunti binafsi, inakuruhusu kusoma makala hadi 100 kwa mwezi bila malipo, ila ni kusoma mtandaoni tu, hupakui.