Saiti za usiku au za faiba kwenye bastola? Nimetumia zote, nakujibu

Mkuu umesema bastola yako unaibeba kila siku na usiku unalala nayo chumbani, saiti zake (vile vya kulengea, cha mbele na cha nyuma) ni zile za kiwandani zenye vidoti vyeupe, unataka kubadilisha ila umekwama kati ya tritiamu, ndo hizo saiti za usiku, na faiba. Mi ninazo zote mbili, faiba iko kwenye bastola ya mashindano na tritiamu iko kwenye ya kubeba, na sina mpango wa kuzibadilishana. Sababu ni ndefu kidogo, nivumilie.

Kwanza tuelewane zinafanyaje kazi maana naona kwenye majibu ya juu watu wanachanganya. Faiba haina mwanga wake, ni kijiti cha plastiki kinachonyonya mwanga kupitia ubavuni kisha kinautolea mwishoni, ndo maana kile kidoti kinawaka kuliko kitu kingine chochote juu ya slaidi, ile sehemu ya juu ya bastola inayorudi nyuma ukipiga. Giza likiingia na chenyewe kwisha habari yake. Tritiamu ni haidrojeni yenye mionzi, gesi imefungiwa kwenye kichupa kidogo sana cha kioo ambacho ndani kimepakwa unga unaong'aa ukipigwa na ile mionzi, basi inawaka yenyewe usiku na mchana, huchaji, huweki betri, wala huhitaji kuimulika kwanza kama zile rangi za kwenye mishale ya saa. Sema inachoka. Kila miaka 12 na ushee nusu ya tritiamu inakuwa imeisha, na ule unga nao unachakaa kivyake, kwa hiyo ukienda kununua angalia mwaka zilipotengenezwa, usije ukauziwa zilizokaa stoo hadi zimefifia kwa bei ya mpya.

Mchana hakuna ubishi, faiba inashinda. Jicho linaikamata saiti ya mbele bila kuitafuta, na kama umri umeanza kusogea na vitu vya karibu unaviona ukungu utanielewa zaidi, maana hata ikiwa na ukungu bado unajua iko wapi. Ila jua la utosini likiipiga faiba nene kidoti kinavimba, kinafunika kingo za saiti, na ukilenga mbali kidogo unajikuta unaweka kidoti badala ya kuweka kingo ya juu ya saiti, kundi la risasi linapanda au linashuka na unaanza kulaumu triga. Mi natumia ya milimita 1 na si ya 1.5 kwa sababu hiyohiyo. Rangi ni macho yako, wengi kijani kinawaingia haraka, na kama una shida ya kuona rangi nyekundu achana nayo kabisa, utaiona kama imezimika.

Sasa usiku, na hapa ndo penye mjadala. Kwenye giza totoro tritiamu inakuonyesha saiti zako, haikuonyeshi unayemlenga. Unaona vidoti vizuri kabisa na mbele yake kuna weusi mtupu, na huyo mtu wa kwenye korido anaweza kuwa mwanao kaamka kunywa maji. Huwezi kufyatua kwa kivuli, lazima tochi. Na ukishawasha tochi yenye nguvu, kilichoko mbele kinakuwa cheupe na saiti zote, ziwe za aina gani, zinageuka michoro myeusi juu yake, unalenga vizuri tu na ile tritiamu hata huioni. Ndo maana kuna wanaosema saiti za usiku ni kutupa hela. Nusu nakubaliana nao, nusu nakataa.

Ninapokataa ni ile hali ya katikati, jioni jua limezama, au wewe umesimama gizani yeye yuko chini ya taa. Hapo unamwona na kumtambua bila tochi lakini saiti nyeusi inapotelea kwenye nguo nyeusi, na faiba haina cha kunyonya kwa sababu inachohitaji ni mwanga uliokuangukia wewe, sio uliomuangukia yeye. Hata mchana ukiwa ndani ya chumba chenye kiza unaangalia nje kwenye jua inafifia vilevile. Kwenye hali hiyo tritiamu inafanya kazi yake, na kiukweli hata kuiona tu bastola iko wapi kwenye droo usiku ni msaada.

Ila usinunue seti ya vidoti vitatu vyenye rangi moja na ung'avu mmoja. Jaribu mwenyewe, bastola tupu umeihakikisha mara mbili, ingia chumba kisicho na mwanga, inyanyue haraka: macho yanaona vidoti vitatu vimejipanga mstari unaridhika, kumbe cha mbele kiko pembeni kabisa na vile viwili vya nyuma vimekaa upande mmoja. Chukua ya mbele yenye tritiamu na duara la rangi kali kuizunguka, ile rangi ndo inakusaidia mchana, na ya nyuma iwe nyeusi tupu au yenye tritiamu hafifu zaidi. Kwa bastola yako hiyo ndo naichagua, pamoja na tochi.

Faiba kwenye bastola ya kubeba ina tatizo lingine, inakatika au kuchomoka, na dawa za kusafishia silaha zinaifanya iwe na ukungu. Kurudishia ni rahisi: toa slaidi kabisa, kata kipande na nelikata kirefu kuliko nafasi yake, sogeza kiberiti cha gesi karibu na ncha bila kuigusa moto hadi ivimbe iwe kichwa, pitisha, kata upande wa pili ubaki kidogo, nao uuvimbishe. Kichupa cha tritiamu huchezei hivyo. Kikipasuka fungua madirisha, usikae kukinusa, nawa mikono, saiti irudishe kwa waliyoitengeneza. Halafu ulizia sheria ya ulipo kwanza, kuna nchi zinabana vitu vyenye mionzi hata vidogo hivi.

Ukishafunga nenda kapige kabla hujaanza kuibeba. Risasi zikienda kushoto sogeza saiti ya nyuma kulia, zikipiga chini basi ya mbele ni ndefu mno. Zipo pia za mchanganyiko, faiba na tritiamu pamoja, wazo zuri ila nyingi zimenenepa, kwa hiyo zijaribu kwanza kwenye holsta yako, ile ala ya kubebea bastola, kama zinapita bila kukwaruza.