Nani alipie nyuzi za kanuni, ile ala ya taarabu?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Napiga fidla katika kikundi cha taarabu hapa Ng'ambo, Unguja. Tumeandika barua ya kuiomba serikali fedha za sare, spika na nyuzi za ala. Mjomba wangu kaisoma, akacheka: hospitali zataka dawa, nyinyi mwataka nyuzi! Anasema muziki ukiwa mzuri watu wataulipia wenyewe. Ana haki?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mjomba wako anaijua taarabu ya ukumbini tu. Pale kweli mambo hujilipa. Mwimbaji akifika kwenye ubeti wenye dongo, mama mmoja huinuka na noti yake, akaja taratibu kwa madaha, akamtunza huku jicho liko kwa hasimu wake aliyekaa safu ya pili. Ugomvi uliokuwa ufike kwa sheha umekwisha kwa shilingi elfu tano. Mtu akiniuliza faida ya sanaa, mimi huanzia hapo.

Lakini tazama noti inamwangukia nani. Mwimbaji. Mimi nilikuwa nyuma na kanuni, nyuzi sabini na kitu. Siku moja uzi ulikatika nikafunga mshipi wa kuvulia, ukanilegea usiku kucha. Na hakuna aliyewahi kuinuka kumtunza mtu anayemfundisha mtoto kukaza nyuzi hizo. Mtoto huyo anataka miaka.

Kazi hiyo tangu zamani ilitaka mwenye hazina. Sultani Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, ndiye anayetajwa kumpeleka Mzanzibari Mohamed Ibrahim huko Misri akajifunze kanuni. Siku hizi hazina ile imekuwa wafadhili wa nje, nao wana msimu wao kama kusi na kaskazi: mwaka 2016 Sauti za Busara, tamasha la muziki la hapa Unguja, kubwa namna ile, halikufanyika kwa kukosa fedha. Likarudi 2017.

Kwa hiyo barua ipelekeni, ila muiandike upya. Sare na spika futeni, hizo zitoke kwenye harusi; hapo namuunga mkono mjomba. Bakisheni nyuzi, muongeze posho ya mwalimu wa siku mbili kwa wiki, na idadi ya watoto atakaowafundisha. Kisha mpe mjomba aisome tena. Na akija ukumbini, asije mikono mitupu.