Masaa mawili ya ugali

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mwanangu wa darasa la tano ananiuliza tofauti ya "watch", "clock" na "hour". Kila neno namjibu "saa", anacheka. Juzi tumebishana masaa mawili mpaka ugali ukaungua. Nisaidie. (Mama wa Mbagala)

JIBU: Marahaba, mama. La mtoto ni jepesi. "Watch" ni saa ya kuvaa mkononi au kutia mfukoni. "Clock" ni ya ukutani, ya mezani, au ya mnara kama ule wa mtaa wa Samora. "Hour" haishikiki, ni dakika 60 basi. Mwongezee kwamba "clock" asili yake ni neno la Kilatini la kengele, na "watch" ni ndugu wa neno la kukesha. Sisi "saa" tumeipata kwa Waarabu, na kwao pia neno hilohilo ni chombo na ni muda. Kwa hiyo hukumdanganya mtoto.

Sasa turudi kwenye ugali. Mmebishana nini, mama? Masaa?

Saa imekaa ngeli moja na sahani: saa hii, saa hizi, saa yangu, saa zangu. Mezani uliweka sahani mbili, hukuweka masahani mawili. Fundi wa Kariakoo aliyeinamia kimeza chake na lenzi jichoni ni fundi saa, hata akiwa amezungukwa na saa hamsini.

Kuna duka la dawa karibu na kwangu, silitaji. Ubao wake ni mwekundu, una taa, na umeandikwa HUDUMA MASAA 24. Usiku mmoja mjukuu alishikwa na homa, nikaenda mbio saa nane. Kufuli. Mlinzi yuko kwenye benchi, kajifunika kitenge hadi kichwani. Nilipomwamsha akaniambia, "Mzee, wanafungua saa mbili." Ona huyu: kaamshwa usingizini, na bado kasema saa! Mwenye duka, aliyelipa fundi amwandikie, ndiye aliyekosea herufi mbili na ahadi nzima.

Watetezi wa masaa wana hoja moja, na nakiri si ya kitoto. Wanasema "saa mbili" yaweza kuwa saa mbili asubuhi, lakini "masaa mawili" ni muda tu, hayachanganyi mtu. Watanitajia na rafiki, marafiki. Haya. Lakini dawa ilikuwapo kabla hawajaugua: "kwa saa mbili", "muda wa saa mbili", "saa mbili nzima". Na mbona ikibaki moja wanarudi wenyewe? "Nimesubiri daladala saa nzima," wanasema. Sijamsikia hata mmoja aliyesubiri "saa zima", kama shoka.

Siku hizi sigombani tena na kondakta wala na wajukuu. Wakisema masaa naitika, nanyamaza. Redioni na kwenye mabango ndiko bado nakasirika, maana hapo mtu amekaa, ameandika, amesoma tena, ameridhika.

Hiyo sufuria iloweke kwa saa mbili, mama. Si mpaka saa mbili.