Amekatwa rimisheni gerezani, korti inaweza kusaidia?

Dada, umeuliza kama korti inaweza kugusa uamuzi wa gereza, maana kaka yako amekatwa rimisheni (zile siku za kifungo ambazo mfungwa husamehewa) juu ya kesi ya simu ndani ya gereza. Inaweza. Mdogo wangu yalimkuta hayohayo hapa Kenya na tulienda hadi High Court.

Alifungwa miaka 3, na kisheria thuluthi moja husamehewa ukikaa vizuri, so tulimtarajia baada ya 2. Imebaki kidogo atoke, msako ukaingia wadi, chaja ikapatikana kwenye godoro, na wadi yenyewe ina watu zaidi ya thelathini wanalaliana. Asubuhi akapelekwa mbele ya OC, yaani mkuu wa gereza, akaulizwa ni yako ama si yako, akasema si yangu, basi imeisha hapo, siku 60 za rimisheni zimeenda.

Sasa kosa langu, na nakuomba usilirudie: nilienda kortini nikiwa nimejipanga kuthibitisha chaja si yake. Jaji akaniambia hilo si la kwake kuamua. Anachoangalia ni njia iliyotumika, yaani aliambiwa shtaka mapema? Alipata nafasi ya kujitetea na kuita shahidi? Sababu ziliandikwa? Hiyo ni Kifungu 47 cha Katiba, na Kifungu 51 kinasema mfungwa bado ana haki zake.

Kilichotuokoa ni fotokopi ya rejista ya gereza ya adhabu. Mstari mmoja wa biro ya bluu, jina limekosewa, adhabu siku 60, na pale pa utetezi wake kumechorwa kistari tu. Jaji alimuuliza wakili wa serikali mara mbili, maneno ya huyu kijana yako wapi? Kimya. Uamuzi ukafutwa.

Kwa hivyo anza na barua ya rufaa kwa wakubwa wa magereza, kopi yako igongwe muhuri, kwa sababu sheria ya 2015 ya maamuzi ya kiutawala inataka umalize njia za ndani kwanza. Kifungu 22 cha Katiba kinakuruhusu ufungue kesi kwa niaba yake na kinasema usitozwe ada ya kufungua kesi. Na uombe isikizwe kwa dharura, tafadhali sana, siku hiyohiyo unayofungua. Sisi hatukuomba. Amri ilipotoka mdogo wangu alikuwa ameshakaa siku 41 kati ya zile 60, na hizo hakuna aliyemrudishia.