Pikipiki ya mkononi: anza na injini baridi

Kaka, umeuliza ukague nini kabla ya kununua pikipiki iliyotumika hapo Tanga. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Gusa injini, ukiikuta ya moto, huenda anaficha tabu ya kuwaka asubuhi. Moshi wa bluu usiokatika ni oili inaungua: ringi za pistoni au sili za valvu zimechoka, na hapo gharama ni kubwa.

Kwa hewa yetu ya chumvi, inama kabisa uangalie chasisi, yaani fremu ya pikipiki, chini ya tangi na kwenye maungio. Penye rangi iliyovimba bonyeza kwa bisibisi. Chuma kikitoboka, achana nayo. Cheni ivute kwa nyuma, pale inapozunguka sproketi (gurudumu la meno) ya tairi la nyuma: ikiachia meno, imekwisha. Namba ya chasisi, pale shingoni mwa usukani, ifanane na ya kwenye kadi ya usajili herufi kwa herufi.